Bahasha ya Droo ya Chini

"Ndoa si kandambili, mama, useme utaivua mlangoni." Katekista aligonga muhuri kwenye cheti cha ubatizo cha mtu mwingine kabisa, kwa nguvu hadi wino ukaruka.

Mshonaji hakukaa. Alionyeshwa kiti mara mbili, na mara mbili akakitazama kama kina kunguni. Utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni, maana alikuwa ameiacha cherehani kwa nusu saa tu.

Karani mpya wa parokia, mwenye wiki tatu kazini, alijifanya anapanga matangazo ya Jumapili. Masikio yake hayakuwa kwenye matangazo. Padri alikuwa safarini, na padri akisafiri, katekista huwa padri na nusu.

"Sikuomba talaka," mshonaji alisema. "Nimeomba mahakama ya jimbo ichunguze kama ile ilikuwa ndoa tangu mwanzo. Fomu ni ya Kanisa, sikuichapa mimi."

"Mambo ya kisasa hayo. Mafundisho ni yale yale: alichokiunganisha Mungu, mwanadamu asikitenganishe. Ulikula kiapo altareni."

"Nilikula kiapo huku natetemeka. Mama aliniambia nisipokubali nisikanyage tena kwake."

"Ulisema ndiyo. Kanisa zima lilisikia."

"Miezi minane sasa! Jimboni wanasema wanangoja parokia ithibitishe kwamba mume amepewa barua yake. Barua ilifika hapa. Iko wapi?"

"Labda mume hana la kusema. Si yeye aliyeondoka. Pete bado anaivaa."

Karani aliyasukuma matangazo kando. Hata yeye aliamini ndoa ni takatifu, lakini utakatifu gani huu wa kukalia barua za watu? Alimchukia mzee huyu tangu siku ya kwanza, alipomwambia sketi yake ni fupi kuliko sala zake.

"Mwakani mwanangu anapokea Komunyo ya kwanza," mshonaji alisema, na sauti ikamshuka. "Baba yake, ninayeishi naye sasa, yuko tayari tufunge ndoa hata kesho. Sitaki siku hiyo mtoto anitafute kwenye mstari wa Komunyo, na mimi nimeganda kwenye benchi."

"Mtoto hana kosa. Amri zote kumi nimemfundisha mimi."

"Ndiyo. Na ya sita ukaisoma umemkodolea macho yeye. Mtoto wa miaka minane! Alirudi nyumbani analia, ananiuliza kuzini ni nini."

Katekista alifungua droo ya chini, ile ambayo ufunguo wake haukuwahi kutoka kiunoni mwake, ili arudishe muhuri. Kabla hajaifunga, karani alikuwa ameshainama. Chini ya daftari kuukuu aliiona bahasha ya kaki yenye nembo ya jimbo, haijafunguliwa, akaichomoa.

"We binti! Irudishe hiyo!"

"Sirudishi. Nitampelekea huyo mume mwenyewe, leo hii, hata kama anakaa mwisho wa dunia. Nauli ninayo."

Mshonaji alicheka kicheko kikavu. "Huhitaji nauli, mwanangu."

Karani akaigeuza bahasha asome anwani. Jina halikumwambia kitu. Kwa wiki zote tatu hakuwa amesikia mtu yeyote akiitwa hivyo. Akasoma mstari wa chini yake: *Mume. Kazi: katekista. Akabidhiwe mkononi, ofisini kwake, na atie saini.*

Aliiweka mezani, mbele ya mkono wenye pete, akaweka na kalamu.