Panya Aliyeuma

Siku hizi kila nyumba mtaani kwetu hufuga panya weupe, chakula cha nyoka wa maabara, na sheria ni moja: anayeuma hazalishwi. Miaka mingi imepita hivyo, na sasa hawaumi tena. Kabla ya kuchukua vitoto bado nasugua mikono kwa maranda ya kiota chao ili ninuke kama wao, ingawa ni mazoea tu. Mama yao husogea kando mwenyewe, kama mtu anayempisha mgeni mkekani.

Asubuhi moja, mmoja wao aliniuma. Niliitazama damu kidoleni kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina lake la utotoni. Badala ya kumtia kwenye kopo la wanaoondolewa, nikamfunga kwenye pindo la kanga, kiunoni.

Mkaguzi wetu, Bi Riziki, akabisha hodi.

"Wote wapole, Mama Mbwana?"

"Wote, dada."

Akaingiza mkono kizimbani. Panya wakampanda kiganjani, wakalala. Akatabasamu, kisha akamtazama mwanangu niliyembeba mgongoni.

"Na huyu ameshafika umri wa kulelewa kwenye makao ya watoto, kama wenzake wote. Nimchukue leo?"

Nililikaza fundo la mbeleko. Kisha nikalilegeza, nikamkabidhi mtoto, nikasogea kando apite.

Mlango ulipofungwa, nyumba ilijaa mwanga mzuri na kimya. Nikainusa mikono yangu, ilinuka maranda.

Kiunoni, ndani ya pindo, panya akaniuma tena.