Mkanda wa Ngozi Nyembamba

Bi Shemsa alilala kifudifudi kwenye mkeka dukani, bunduki tupu mikononi, akijaribu mikanda ya kulengea shabaha, ile inayofunga mkono kwenye bunduki ili isitikisike. Mbarouk, mwenye duka, alimkazia mkononi ule mpana wenye sponji. Bunduki ikatulia kama imejengewa.

Akambadilishia wa pili, wa ngozi nyembamba. Ncha ya mtutu ikaanza kuruka kidogo kidogo.

"Huo haukufai, mama," Mbarouk alisema. "Unabana mshipa. Hayo ni mapigo ya moyo wako."

Bi Shemsa hakuinuka. Tangu amzike mumewe, nyumbani mwake hakuna kitu kinachosogea mpaka akisogeze yeye. Aliitazama ncha ile ikiruka, ikitua, ikiruka tena.

"Nachukua huu huu."

"Utakosa shabaha."

"Najua," alijibu. "Usinifungue kwanza."