Kesi ya Kelele za Kanga

Siku zile wanyama walipokuwa na mahakama yao, Kanga alishtakiwa kwa kuvuruga amani. Alikuwa amepiga kelele alfajiri, kijiji kizima kikaamka.

"Nilimwona Nguchiro akiyanyemelea mayai yangu," alimwambia Kunguru, karani wa mahakama.

"Hayo utayasema ukikana shtaka," Kunguru akamjibu. "Ila ukikana, mama, utakaa rumande mpaka mashahidi wapatikane. Ukikiri, unarudi nyumbani leo hii. Wenzako wote hukiri."

Kanga akayawaza mayai yake yanavyopoa. Nawe ungekuwa na mayai, ungekiri. Hakimu Kobe alipomsomea shtaka, akasema, "Ni kweli, mheshimiwa."

"Nenda nyumbani," Kobe akasema bila kuinua kichwa. "Kwa sharti moja: mwaka mzima sauti yako isisikike."

Kanga akakimbia mpaka kwenye kiota, akayaatamia. Yalikuwa bado na joto.

Alfajiri Nguchiro akarudi, safari hii hanyemelei, anatembea kifua mbele. Kanga akafumbua mdomo, akakumbuka sharti, akaufumba.

Majirani waliamka jua limeshapanda, wakamsifu hakimu. Walisema hawajapata kulala vizuri namna ile.