Kioo Kilichokatwa na Mlevi

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika ghafla, na kufikia saa tatu jua lilikuwa kali hata vioo vilivyoegemezwa ukutani vikawa havitazamiki. Mzee Almasi alikuwa ameshamfukuza mteja mmoja.

"Anataka kioo chembamba, rahisi, na kisivunjike," alimwambia binti yake, aliyekuwa akifagia vipande chini ya meza ya kukatia. "Huyo hatafuti kioo, anatafuta muujiza. Aende kuomba, asije dukani."

Jina la Almasi alilipata kwa ile kalamu ya kukatia kioo, yenye ncha ya almasi, aliyoichomeka nyuma ya sikio kutwa nzima. Sikio la pili alilitumia kusikilizia makosa ya watu.

Wageni walipoingia hakuinuka. Walikuwa kijana aliyetaka kumwoa binti na mjomba wake aliyemsindikiza. Shangazi wa binti, dada yake Almasi, alikuwa ameshakalia kiti pekee kisichoyumba.

"Karibu, Bwana Kivuli," Almasi alisema.

Ndivyo alivyomwita. Kijana alichora kwa kompyuta majengo ambayo bado hayajajengwa, ili wenye viwanja wayaone kabla ya kutia saini. Kazi yake hasa ilikuwa vioo: madirisha, milango, kuta nzima za kioo. Siku alipoieleza kazi hiyo, Almasi alicheka mpaka akashika meza.

"Kioo kisichoweza kumkata mtu! Na binti yangu utamlisha chakula cha kuchora?" Kisha, mbele ya watu hawa hawa, akatoa sharti. "Siku utakayoniletea kioo chako nikadhani ni kioo kweli, mchukue. Kabla ya hapo, usinisumbue."

Picha ya kwanza aliitazama kwa muda wa kupiga chafya. "Ukingo wa kioo una ukijani, kama maji ya bwawa. Huu wako mweupe. Hii ni barafu, Kivuli. Iwahishe nyumbani isikuyeyukie."

Picha ya pili ilikuwa na ukijani, na mwanga ulipinda ndani ya kioo ipasavyo. Lakini hapakuwa na alama hata ya kidole. "Hapa wanakaa malaika? Hakuna mtoto? Hakuna inzi?" Akaweka kikombe cha chai juu yake.

Binti aliomba. Kila usiku alimsihi Mungu ailainishe shingo ya baba yake, na kila asubuhi aliikuta vilevile. Mwishowe akamwambia mchumba wake, "Achana na vioo. Tafuta nyumba. Baba akiona tuna pa kulala, huenda akalegea."

Kijana aliingia mitaani kisirisiri na kamera yake. Lakini shangazi alikuwa na macho.

"Nimemwona wiki hii," alisema sasa, akijipepea, "akizunguka na kamera kwenye nyumba za kupanga. Dirisha moja bovu alilitazama mpaka mwenye nyumba akatoka kumuuliza kama ni mwizi."

"Angekuwa mwizi ningemheshimu kidogo," Almasi alisema. "Haya, Kivuli. Umeleta nini?"

Kijana aliweka bahasha mezani. Almasi akaichana, akatoa picha, akavaa miwani. Kilikuwa chumba kitupu, pazia limefungwa fundo, jua la asubuhi likiingia dirishani na kulala sakafuni.

"Aha!" Akamgeukia dada yake. "Si nilikwambia atachoka? Kaleta picha ya nyumba aliyopanga."

Binti aliacha kufagia. Uso ukamng'aa.

"Mzee mwenzangu," mjomba alianza, "hiyo..."

"Ngoja, nasoma dirisha." Almasi aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Mungu wangu! Kioo hiki kakikata nani? Tazama ukingo, una meno kama msumeno. Huyu fundi alikuwa mlevi! Kisha kakisukumiza kwenye fremu kikabanwa, ndiyo maana kona imepasuka. Na ufa kaubandika selotepu. Selotepu, jamani! Na aliyekifuta kafutia tambara la mafuta, ona ukungu huo."

"Baba, si kitarekebishwa tu?" binti alisema. "Nyumba yenyewe ni nzuri."

"Nyumba gani nzuri? Wewe utalala chini ya hiki? Siku kikikudondokea usingizini?" Akavua miwani, akaifuta haraka, akairudisha. "Kinachoniuma ni kwamba chenyewe ni kioo kizuri. Nimekata vioo tangu mama yako bado ananikataa, nakijua kioo nikikiona. Hiki ni kioo halisi, kimeharibiwa na mshenzi."

Shangazi aliacha kujipepea. Mjomba alitazama dari kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko.

"Baba," kijana alisema polepole, "kioo hicho nimekitengeneza mimi. Na fremu. Na ukuta. Na hilo jua pia."

Almasi hakusikia zaidi ya neno kioo.

"Wewe! Ndiyo maana! Mikono ya kubonyezabonyeza hiyo!" Akasimama, akainua mkono wa kulia. "Dada, mzee mwenzangu, nyote ni mashahidi wangu. Naapa mbele ya Mungu, kesho alfajiri nitakwenda kwenye nyumba hiyo na ngazi yangu, nikitoe kioo hicho kwa mikono yangu mwenyewe!"