Kibao cha Mwalimu Nyamizi

Mwaka ambao kusoma na kuandika kulifutwa shuleni, Mwalimu Nyamizi wa darasa la kwanza alikusanya madaftari ya wanafunzi wake bila kunung'unika. Kila mtoto alikwisha kupewa kisomeo, kidude cha kuvaa sikioni kinachosoma maandishi yote ya mashine. Jioni ile binti yake Kalunde, mwenye miaka sita, alimwomba amfundishe kuandika walau jina lake.

"Ya nini, mwanangu? Kisomeo kitakusomea."

Sasa Kalunde ni mtu mzima, na kiharusi kimemnyang'anya mama yake sauti. Miezi michache iliyopita Nyamizi aliomba kwa ishara kibao chake cha zamani na chaki, akaandika taratibu: Nisamehe, mwanangu. Laiti ningekufundisha.

Kalunde alikielekeza kisomeo kwenye kibao. Kikanyamaza, maana mwandiko wa mkono hakiujui. Akatabasamu, akambusu mama yake kwenye paji la uso.

"Umechora vizuri, Mama."

Akakitundika kibao sebuleni. Wageni wakija huwaonyesha, nao husifu sana. Hajatokea hata mmoja aliyeuliza kinasema nini.