Barua ya Kushindwa

Donatus alikifuta kiti kwa leso, akakitazama tena, kisha akaamua kusimama.

"Shikamoo, mzee," alisema Salmini.

Donatus hakuitikia. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

Salmini alikuwa fundi redio wa Ngokolo, mjini Shinyanga. Mwaka huo wa 1998 alikuwa ameongeza neno "kompyuta" kwenye kibao cha mlangoni, na majirani walikuwa bado wanamcheka. Kompyuta alizowahi kutengeneza zilikuwa tatu. Moja ilirudishwa ikifuka moshi.

Donatus alikuwa meneja wa mgodi mdogo wa dhahabu huko Geita. Dereva wake aliweka mezani kompyuta iliyoviringishwa kwenye blanketi.

"Diski imekufa," alisema Donatus. "Mwezi uliopita shimo letu liliporomoka, wakafa watu watano. Kamati ya uchunguzi inataka barua na taarifa zilizomo humu. Wameamuru diski ipelekwe kwa fundi."

"Poleni sana."

"Pole kawape wafiwa. Msimamizi wa shimo, mtu mmoja Mabula, nilimwandikia mara tatu abadilishe magogo ya kushikilia shimo, yalikuwa yameoza. Hakubadilisha, akafia humo humo na wenzake. Barua zote za mgodi huchapwa kwenye kompyuta hii; yote yamo kwenye diski."

Salmini aliigeuzageuza ile kompyuta. "Mwanza kuna mafundi wakubwa, mzee. Umewapita wote?"

"Safari zangu hazikuhusu. Kamati inakaa Jumatano, pale Geita, ukumbi wa Kalangalala. Ukishindwa, na utashindwa, niandikie barua, uipige mhuri. Mhuri unao, au nao nikununulie?"

Akatoka bila kuaga. Salmini alibaki ameuma meno. Watu wa namna hii aliwajua: wanajimwagia manukato mpaka nzi wanakimbia, halafu wanasema na fundi kama wanaofukuza mbwa jikoni. Akaapa kwamba diski ile itafunguka, hata kama ni kwa meno.

Diski haikuzunguka kabisa. Alipoifungua kutoka kwenye kompyuta, aliona bodi yake ya umeme imeungua upande mmoja. Sahani za ndani, zinazotunza maandishi, huenda zilikuwa nzima. Alichohitaji ni bodi ya diski nyingine ya aina ile ile.

Alidandia lori hadi Isaka, kwa Liaquat, aliyekuwa akiuza kompyuta za mitumba zilizoshuka kwenye makontena.

"Unataka kupandikiza moyo kama daktari?" Liaquat alicheka. "Wewe, Salmini?"

Hata hivyo alimfungulia stoo. Salmini alishinda humo siku nzima, akifungua kompyuta moja baada ya nyingine, vumbi limemjaa puani. Alasiri akaipata diski aliyoitaka, ndani ya kompyuta iliyopasuka skrini.

Jumanne asubuhi alibadilisha bodi, akawasha. Diski ikavuma, ikanyamaza, ikavuma tena. Majina ya mafaili yakaanza kupanda kwenye skrini, safu baada ya safu. Salmini alipiga ukelele, ingawa hakukuwa na wa kumsikia.

Hakufungua faili hata moja. Kusoma barua za mteja, kwake ulikuwa wizi. Alizinakili zote kwenye diski nyingine isiyo na kasoro, basi. Wala hakumpigia simu Donatus. Sura ile alitaka kuiona mbele za watu.

Jumatano alifika Kalangalala na kompyuta begani, ndani ya blanketi lile lile. Nje ya ukumbi, mwanamke aliyejifunga kitambaa cheusi alimzuia.

"Wewe ndiye fundi, baba?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Esta, mke wa Mabula." Alishika ncha ya blanketi. "Wameshasema mume wangu ndiye aliyewaua wenzake. Ukifungua hicho, wanangu watakosa pa kuficha nyuso zao. Sema imeshindikana, baba. Nakusihi."

Salmini alisita. Hakuwa mtu wa moyo wa jiwe. Angeweza kurudi stendi wakati ule ule.

Ndipo sauti ya Donatus ikatoka dirishani. "Fundi ameshindwa, mwenyekiti, barua yake i njiani. Ningewaambia nini? Mtu amezoea kugongagonga redio ili mpira usikike!"

Ukumbi ukacheka.

Salmini aliling'oa blanketi mkononi mwa Esta, akaingia.

Aliweka kompyuta mbele ya kamati, akaiunganisha na waya wa jenereta. Donatus aliinuka. "Mwenyekiti, huyu ni mwongo, asiwapotezee wakati."

"Keti, bwana meneja," alisema mwenyekiti, mama mmoja aliyeitwa Mwanaima. Akamwagiza karani asome.

Karani alisoma barua ya kwanza, kutoka kwa Mabula kwenda kwa meneja: "Magogo ya shimo yameoza. Naomba mengine." Ya pili: "Naomba tena magogo. Udongo umeanza kudondoka." Ya tatu: "Bosi, nakuomba watu wasishuke mpaka magogo yaje."

Halafu karani akasoma jibu. Lilikuwa la siku moja kabla ya shimo kuporomoka, na chini yake pameandikwa jina la Donatus: "Washushe, na wewe ushuke nao. Asiyetaka aondoke."

Mlangoni, Esta alikaa chini taratibu, mikono kichwani.

Salmini aligeuka kuitazama ile sura aliyoisafiria. Donatus hakuwa akiiangalia kamati, wala yule mjane. Alikuwa akimwangalia yeye, fundi, kuanzia viatu hadi kofia.

"Niliulizia kanda nzima fundi asiyejua kitu," alisema, "wakanitajia wewe."