Kamera Iliyombishia Mama Mkwe

Kamera ilizikataa pete tano tena, na zote tano mama mkwe wa fundi alikuwa amekwisha kuzipitisha.

Fundi alishusha pumzi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kamera hiyo inapima pete za breki bila kukosea, na tangu ifungwe ilikuwa imemvunia aibu tupu. Alibadilisha taa. Akaziba dirisha ili jua lisiichezee. Akaweka mpira chini ya meza, mtikisiko wa mashine usiifikie. Kila asubuhi aliisawazisha kwa pete alizochaguliwa na mama mkwe, mkaguzi aliyesifika kiwanda kizima kwa jicho kali. Ikifika mchana, kamera na mama mkwe wamekwisha kukosana.

"Mashine yako ina mtoto wa jicho," mama mkwe alimtania, akiiviringisha pete polepole kati ya vidole.

Wakaguzi wenzake wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, shingo upande. Mtu habishani na aliyemzaa mkewe.

Meneja alipoingia, uso wake ulikuwa umekunjamana. Mteja alikuwa amerudisha shehena nzima ya pete zilizopwaya. Mama wa watu, akasema, hajawahi kukosea miaka yote hiyo. Balaa limekuja na kamera. Akaamuru ing'olewe siku hiyohiyo, na fundi aliyeileta aondoke nayo.

Fundi akachukua spana. Usingizi wote alioupoteza, mahesabu yote, hata ugomvi na mkewe kwa kuchelewa nyumbani, vyote vimekwenda na maji. Alilegeza nati ya kwanza kwa hasira, ikamponyoka na kubingirika sakafuni. Hakuinama kuiokota. Akaanza ya pili.

Mama mkwe aliacha kazi. Akawaomba wenzake wamwache kidogo na mkwewe, nao wakatoka wakitazamana. Akaja taratibu, mkono ukiambaa ukingo wa meza, akasimama karibu naye kuliko ukwe unavyoruhusu.

"Ifunge tena, baba," alisema. "Hata wewe, tangu mvua zilipoanza, nakutambua kwa sauti tu."